Bega la Tonton Placide

Jumapili, Juni 2012. Manyunyu tangu asubuhi. Nimeketi jikoni kwangu, Etterbeek, hapa Brussels, bado nimevaa viatu vya sherehe, na nina hasira.

Nikikasirika huwa najiambia nitulie kwanza, ndipo niandike. Leo hapana.

Tonton Placide ni mdogo wake baba yangu. Kule Lubumbashi alicheza handiboli. Alipokuja Brussels kusoma, siku moja alipita kando ya uwanja ambapo Wabelgiji walikuwa wanacheza besiboli, mchezo ambao hakuwahi kuuona. Mpira ukamjia miguuni, akaurusha kuwarudishia. Wote wakasimama kumtazama. Haukupita muda, klabu ikampa jezi.

Kazi yake ilikuwa kurusha. Mpinzani anasimama mbele yako na gongo, anajaribu kuupiga mpira. Mipira ya Tonton ilipigwa kwa nadra. Wengi walichapa hewa. Nilikuwa msichana wa sekondari, nikienda kumshangilia na maman, na hata mimi nisiyejua michezo nilijua kwamba ninachokiona hakionekani kila siku. Walikuja watu kutoka Uholanzi kumwangalia. Walitaka kumchukua acheze kwao.

Kisha bega likaanza kumuuma. Akamwambia kocha wake, mbele yetu, kabla ya fainali. Kocha akacheka: "Ninyi Waafrika mna miili ya chuma. Rusha tu."

Akarusha. Kombe likapatikana, bega likachanika. Alipasuliwa mara mbili. Watu wa Uholanzi hawakurudi.

Sasa anafundisha hesabu, na ubaoni anaandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haupandi kupita kifua.

Leo klabu imesherehekea kombe lile. Tonton alivaa suti yake ya harusini. Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu: akamtaja kocha, akamtaja mdakaji, akamtaja mama aliyekuwa akichoma soseji, na hata marehemu mbwa wa klabu aliyekimbiza mipira iliyopotea. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Placide hakutajwa.

Mbwa!

Nilitaka kusimama palepale. Tonton akanishika mkono, akaninong'oneza: "Wacha tu, mutoto wangu. Bon, tutakula, kisha tutarudia nyumbani." Alikuwa anatabasamu. Namjua, hilo ni tabasamu la kuwaonea wenzake haya.

Ningenyamaza, naapa. Lakini kocha mwenyewe akaja mezani kwetu na bia yake, mzee sasa, akampiga Tonton bega lilelile. "Placide! Ulikuwa mashine. Ulikuwa huchoki!"

"Alichoka," nikamwambia kwa Kifaransa, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Alikuambia bega linamuuma. Ulimjibu nini, bwana?"

Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Ilikuwa fainali, madame," akasema.

"Kwa hiyo?"

Akamgeukia Tonton, akisubiri aokolewe. Na mimi pia nilidhani atamwokoa. Huyu ndiye mtu anayemwomba radhi anayemkanyaga kwenye basi. Tonton akaweka uma chini, akafuta midomo taratibu, akamtazama machoni.

"Mjibu," akasema. "Mtoto amekuuliza."

Kocha akaenda zake kutafuta bia nyingine. Hakurudi.

Tukaondoka kabla ya keki. Ndani ya basi Tonton alikaa dirishani. Tulipokaribia kituo cha Porte de Namur akasema, bila kunigeukia:

"Kutaja jina yangu, ile haina mambo. Lakini nilimuambia yule muntu bega inauma. Miaka yote hii nilikuwa nafikiri, labda sikusema muzuri. Labda Kifaransa yangu."

Nikamwegemea tu, upande ule usiouma.

Hicho ndicho kinachonichoma mpaka sasa. Wamechukua mkono wake, wamechukua kombe, halafu wakamwachia yeye kazi ya kujilaumu.

Sitaomba wamkumbuke. Kuomba kumekwisha. Kesho, mara ofisi ya klabu itakapofunguliwa, nitampigia mwenyekiti simu na kumwuliza swali moja: fainali ile, aliyerusha ni nani? Nitashika simu sikioni, kimya, mpaka alitamke jina lenyewe kwa kinywa chake.