Ua la Bondeni

Matambarale, 5 Machi 1950

Mjomba, shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa mama mkwe. Tumbo linamkata tangu Ijumaa, hali kitu.

Shemeji Abdala anasema ni mboga yangu. Kweli niliichuma mwenyewe kule bondeni, pale maji yanapotuama na udongo kutoa ukoko mweupe wa magadi. Tulikula wote, aliyeugua ni yeye. Nilidhani ni ile aliyokuwa akitupikia bibi, sasa sina hakika. Nakutumia ua lake, nimelifunga kwenye kitambaa. Wewe ulifundisha watoto majina ya mimea; niambie ni nini. Swalehe mume wangu hanitetei. Nikirudishwa kwetu kwa neno la sumu, mjomba, nani atakula tena chakula cha mkono wangu?

Mpwa wako, Mwantumu

Nachingwea, 12 Machi 1950

Mwanangu Mwantumu, marahaba. Mimi mzima, ila goti. Barua yako imeletwa na lori la karanga.

Nisikilize kwa utulivu. Kwenye ardhi nyevu ya magadi humea maua mawili yanayofanana kama pacha. Yote hudumu miaka: kiangazi shina hukauka, mzizi hubaki, na mvua zikirudi huchipua pale pale. Yote yana petali tano na majani membamba. Tofauti ni rangi. La zambarau ndilo la bibi yako, majani yake ni mboga. La buluu ni sumu, hata mbuzi hulipita. Ulilonitumia ni buluu. Mpelekeni mgonjwa zahanati, wala usimfiche mumeo.

Mjomba wako, Yunusi

Matambarale, 21 Machi 1950

Mjomba, shikamoo. Pole na goti.

Barua yako Abdala aliipokea dukani akaisoma barazani, kama barua zote zinavyosomwa hapa. Alipofika kwenye sumu akarudia. "Mmesikia? Mjomba wake mwenyewe huyo!" Sasa nalala kwa jirani, Domitila. Mama mkwe bado yuko kitandani. Ijumaa ya wiki ijayo wazee wanakaa kuamua kama niachwe.

Lakini mjomba, buluu ipi? Mimi nilichuma zambarau. Jana nimerudi bondeni: zambarau tupu. Au macho yangu yameharibika?

Mpwa wako, Mwantumu

Nachingwea, 26 Machi 1950

Mwanangu, salamu nyingi. Macho yako mazima; mimi ndiye niliyeharakisha.

Niliposoma swali lako nilikishika tena kile kitambaa. Kikilowa kinateleza vidoleni kama sabuni. Mwantumu, ulilifunga ua katika kitambaa cha kuchujia magadi! Magadi hugeuza zambarau kuwa buluu. Nimekamulia petali moja ndimu, ikawa nyekundu nikiitazama.

Mbele ya wazee chukua ua bichi la zambarau, ulidondoshee maji ya magadi. Walione likigeuka. Na barua hii Abdala aisome barazani, kwa sauti ile ile. Barabara imekatika, lori haliendi. Nampa jirani yangu Stefano, anakuja huko kwa miguu.

Mjomba wako, Yunusi

Nachingwea, 14 Aprili 1950

Mwantumu, hujambo? Hali ya mgonjwa? Ijumaa ile imepita na sijapata neno. Stefano naye hajarudi. Nakwenda kituo cha malori kila asubuhi, hata karani ananionea huruma. Andika mstari mmoja tu, uniambie unalala nyumba gani.

Mjomba wako

Matambarale, 2 Mei 1950

Mjomba, shikamoo. Nisamehe kimya, malori yameanza kupita juzi.

Stefano alifika wazee wamekwisha kaa. Ua liligeuka mbele yao, Domitila akapiga kigelegele. Abdala akasema, "Hayo ni mazingaombwe ya walimu." Ndipo mama mkwe akaita kutoka ndani: "Mwacheni mtoto wa watu! Nilikunywa maji ya dimbwi shambani, nikaona haya kusema."

Amepona. Nimerudi nyumbani, na Swalehe amenipa kanga mpya. Mboga ile bado wananiagiza, wanasema hakuna anayeipika kama mimi.

Ila kila jioni nikishatenga chakula, hakuna anayenyoosha mkono. Naonja mimi kwanza. Wananitazama kooni mpaka nimeze.

Mpwa wako, Mwantumu