Sura ya Kaniki

Dada Zainabu,

Hali yangu unaijua, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa ukiijua kabla sijafungua mdomo. Mama hajambo, ila magoti ndiyo yale yale. Cherehani yangu iko pale pale barazani hapa Kibiti, na leo nimeifunika ili nikuandikie. Nina habari za kitabu chako na za mumeo. Nisipokuambia wewe, sijui nimwambie nani.

Nilikuonya kuhusu kile kitabu, dada. Sikukukataza kukiandika. Nilichokupinga ni ule mtindo wako wa kukigawa. Uliandika kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, sura nane za Mwanahawa na mumewe Sefu, watu wa kubuni katika kijiji kinachofanana mno na Nyamisati. Kitabu kimoja, na wasomaji ni nusu ya wanawake wa gatini. Basi ukakikata sura sura, kila sura ukaishonea jalada kwa mabaki ya vitambaa niliyokuletea kutoka kwenye ushonaji wangu. Ya kwanza kanga nyekundu, ya pili kitenge cha maua, ya tano kaniki nyeusi. Hakuna aliyeuliza sura ya tano iko wapi. Waliuliza, kaniki iko kwa nani? Kila Ijumaa baada ya alasiri walikutana uani kwako kubadilishana, na mtu alichukua iliyokuwepo, si iliyofuata.

Nikakuambia kitabu si sinia la pilau, kila mtu aanzie upande wake. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nilitaka walau nikipige picha kwa simu, ukakataa, ukasema mpaka uridhike nacho. Ukafa hujasema kwamba umeridhika, na mimi sikuthubutu kuvunja neno lako.

Bi Mtumwa muuza chai alianza na ya pili, pale Sefu anapokwenda kuposa akatumbukia matopeni na kanzu yake nyeupe. Tangu siku hiyo akampenda Sefu kama mwanawe wa kumzaa. Jirani yako Somoe yeye alianza na kaniki, na hakutaka hata kumsikia. Wakanuniana kwa ajili ya mwanamume asiyekuwepo duniani, Somoe akawa anakunywa chai kwingine. Ulipowapatanisha ulimwambia Somoe, "Nyumba ni ile ile mwenzangu, wewe umeingilia uani." Nakumbuka ulivyolisema huku unapeta mchele, kama jambo dogo tu.

Kumbe hiyo kaniki ndiyo iliyokuja kututia majaribuni.

Humo Sefu anapakia mpunga kwenye boti kwenda Mafia. Mkewe ana mimba kubwa, anamwomba asiende, tumbo halieleweki. Sefu anakwenda. Uchungu unakuja maji yamekupwa, hakuna chombo cha kumtoa, na mtoto anazaliwa kimya. Sura inaishia pale wanawake wanapoulizana baba yake yuko wapi, na hakuna anayejibu. Sasa dada, kila mtu Nyamisati anajua kwamba mumeo Bakari ni mfanyabiashara wa mpunga. Kila mtu anakumbuka mtoto wako wa kwanza alivyozaliwa kimya, na Bakari alikuwa wapi. Ulikuwa ukisema Sefu ni Sefu. Nani alikuamini? Hata mimi ndugu yako sikukuamini.

Siku ya hitima yako wanawake walikuwa jikoni wanachambua mchele. Somoe, na unaijua sauti ya Somoe, akawa anamsimulia mgeni mmoja habari ya kaniki. Hakujua kwamba mama mkwe wako yuko nyuma yake na beseni la vitunguu. Yule mama alitua beseni akatoka. Dua ilipokwisha, Bakari alikuwa ameshaambiwa kwamba mkewe kamwandika kitabuni kuwa ndiye aliyeacha mwanawe afe. Hakuna aliyemwambia habari ya kanzu nyeupe na matope. Aliyekuwa ameshika sura moja alipeleka sura hiyo hiyo.

Bakari akaenda kwa Somoe akaichukua kaniki, wala hakubisha hodi mara mbili. Kisha akanipigia mimi. Ningefurahi kama angepiga kelele, maana kelele naziweza. Alisema polepole, "Shemeji, uliyo nayo ilete. Miye siwezi kukaa gatini nanyooshewa kidole na mke wangu yuko kaburini, hata wa kumuuliza sina. Nazichoma zote."

Nilikasirika mpaka mkasi ukanitoka mkononi. Nikasema moyoni, huyo ndiye yeye, huyo ndiye Sefu, kamwacha akiwa hai na sasa anamchoma akiwa maiti. Sikufichi, siku ya kukuzika nilimtazama usoni nikaona macho makavu, nikaliweka moyoni. Nilikuwa nimesoma mpaka ya saba. Katika ya sita na ya saba Sefu haonekani, yupo Mwanahawa tu, analala uso kaelekeza ukutani. Kwangu mimi mwanamume yule alikuwa ni kaniki, basi.

Ya nane nilikuwa nayo mimi. Ulinitilia mkononi hospitali, ile ya kanga ya njano, uzi wake hujaukata. Ukaniambia, "Hii usiigawe kwanza. Isome wewe." Sikuisoma, dada. Nilikuwa naitoa kwenye sanduku, naitazama, nairudisha. Maadamu sijaisoma, lilikuwepo jambo ambalo hujaniambia bado. Ukiisoma sura ya mwisho ya mtu aliyekufa, ndiyo imekwisha.

Lakini moto haungoji. Niliitia kwenye mkoba, nikapanda gari la Nyamisati, na njiani nikaifungua. Gari linaruka, maneno yanaruka, na mwanamke niliyekaa naye ananiuliza kama nimepata habari mbaya.

Unajua ulichoandika. Acha nikukumbushe hivyo hivyo, kwa sababu nilipofika hapo nilikuchukia kidogo. Sefu anapata habari Mafia, anauacha mpunga ufukweni, anarudi na chombo cha kwanza. Maji yamekupwa, chombo kinakwama mbali. Anashuka, anatembea kwenye matope ya mikoko, magamba ya chaza yanamchana nyayo. Anafika mtoto ameshazikwa na mkewe anavuja damu. Anambeba mgongoni, anarudi naye kwenye matope yale yale. Kisha ukaandika: "Waliokuwa gatini waliona mwanamume mwenye macho makavu. Mwanahawa alikuwa amelaza sikio mgongoni kwake. Yeye peke yake alisikia kilio kinavyopita ndani ya mbavu, na hakumwambia kamwe kwamba alisikia."

Nikafunga. Nikajiuliza, dada, kwa nini hukutugawia hiyo mapema?

Nilimkuta bandani kwake, kakaa juu ya gunia la mpunga. Mbele yake jiko la mkaa limekolea, birika juu yake, na kaniki iko pajani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimeleta ngapi. Nikamwambia moja. Akanyoosha mkono. Nikasema sikuja kumpa, nimekuja kumsomea.

Akasema, "Soma, halafu uiweke hapo." Akaonyesha jiko kwa kidevu.

Nilianza kusoma. Katikati aliinua birika akalitua chini, mkaa ukabaki wazi, mwekundu. Nilidhani anaupisha moto upate karatasi. Niliisogeza njano kifuani nikaendelea kusoma, jicho moja kwenye mistari, jicho moja kwenye mkono wake. Nilipofika kwenye chaza akavitazama viatu vyake. Nilipofika mgongoni, akaacha kunitazama kabisa.

Nilipomaliza aliniambia nirudie pale pa sikio. Nikarudia.

"Alinisikia?" akauliza.

Nilimwonyesha mstari kwa kidole; alikuwa ameshasomewa mara mbili.

Watu wawili walikuja kuulizia bei, akawapungia mkono waondoke. Kisha akaiinua kaniki, akasema vizuri tu, kama mtu anayepatana: basi hii tuitoe, hiyo ya njano ibaki, watu wamsome Sefu wa hapo.

Dada, ningeweza kukubali. Tungebaki na sura saba kati ya nane, na amani ya familia juu yake. Mama angenishukuru. Lakini unanijua mdomo wangu. Nikamwambia, "Shemeji, ukiitoa hiyo, hii inabaki habari ya mwanamume kambeba mkewe mgonjwa. Wangapi hapa hawajabeba wake zao? Hakuna atakayejua analilia nini."

Hakukasirika. Ningependa akasirike. Alisema, "Ziache zote mbili. Nenda."

Na mimi nikaziacha. Nikaiweka njano juu ya gunia, mbele ya moto ule, nikaondoka. Mpaka leo Mama ananiuliza nilikuwa na akili gani. Nilifikiri hivi: nikiinyakua nikakimbia nayo, nitakuwa nimemsoma tena kwa kaniki peke yake. Lakini nilipofika barabarani nilikaa kwenye tofali la watu.

Siku zilizofuata sikushona kitu cha maana. Nilikata mikono ya gauni la bibi harusi, yote miwili ya upande mmoja. Kisha Somoe akapiga simu, ananong'ona. Bakari anapita nyumba kwa nyumba, kashika gunia tupu, anaomba sura. Hafokei mtu. Kanga nyekundu kachukua, kitenge kachukua, hata Bi Mtumwa katoa yake huku analia. "Hasemi zinakwenda wapi," akaniambia Somoe, "na sisi tumeogopa kumuuliza." Nikakata simu. Nikalia, si kwa ajili ya karatasi. Nililia kwa sababu mwandiko wako ulikuwa umo humo wote, na mimi ndiye niliyempelekea kipande cha mwisho.

Ijumaa nilikwenda hivyo hivyo. Wanawake walikuwa wamekaa uani kwako kama kawaida yao, ila mikono mitupu. Bi Mtumwa kaleta chai, na Somoe alikuwa anainywa.

Bakari akaingia na gunia. Akachutama, akatoa kitabu.

Kakishona, dada. Sura zote nane, kwa shazia, ile sindano nene anayofungia magunia yake, na uzi wa katani. Mishono mikubwa imekwenda upogo. Mimi fundi, ingekuwa nguo ya mtu, ningeifumua nianze upya. Nyekundu mbele, maua nyuma yake, zikapangana zote, kaniki katikati, njano mwisho. Nilipitisha kidole kwenye ule uzi. Umekazwa kiasi kwamba huwezi kuing'oa moja usiziharibu zote.

Alisema, "Anayeitaka kaniki sasa ataibeba na njano. Na anayeitaka njano, kaniki imo." Kisha akanisukumia mimi. "Anza mwanzo, shemeji. Miye mwanzo siujui."

Somoe ndiye aliyeuliza tutakichukuaje nyumbani sasa, kitabu kimoja na sisi wote hawa. Ni kweli, hakigawiki tena. Tumekubaliana nitakuwa nakuja kila Ijumaa, tusome sura moja, kwa sauti, kwa mpangilio wake. Nimewaambia wateja wangu Ijumaa nimefunga.

Tumeshasoma ya kwanza. Bakari hakukaa nasi, alikaa nje ya ua, upande wa pili wa makuti, tunaona kivuli chake tu. Nilisoma pale Sefu akiwa mtoto, anavyokaa gatini kutwa kumngoja babake aliyekwenda na vyombo asirudi. Somoe alinigeukia kinywa wazi. Muda wote huo alikuwa anamtukana Sefu, na hakujua kwamba aliwahi kungoja. Bi Mtumwa naye aliacha kumimina chai. Nadhani anaanza kuogopa, maana yeye kaniki aliikwepa siku zote, na sasa inakuja na hakuna pa kupitia pembeni.

Sijui mlikuwa mnaongea nini wewe na Bakari miaka yote ile, na sikio lako lina siri yake. Sijui pia kama huyo Sefu ni yeye. Niliacha kumuuliza mtu swali hilo. Ila juzi nilimpa pole ya kufiwa, ile ambayo sikumpa siku ya maziko. Aliitikia, akaniuliza ya tano itasomwa Ijumaa gani. Nikamwambia. Akasema siku hiyo atakaa ndani ya ua.

Basi dada yangu, lala salama. Uzi wake sitaufumua, hata ulivyokaa vibaya. Siku ya kaniki nitasoma kwa sauti, sitaruka neno, na wanawake watakapoulizana baba yake yuko wapi, atakuwa amekaa mbele yetu.

Mdogo wako,
Rukia