Pindo la Sanda

Nyakabanda, 4 Februari 2025

Binti yangu Gaju,

Asalaam alaikum. Huku tu wazima, ila mimi nimechoka. Wewe na kazi za Dar mnaendeleaje?

Nikwambie kabla hujasikia kwa watu. Jirani yetu Mzee Sangwa amefariki. Nilikata sanda yake, kama ninavyokatia maiti wote wa msikiti wetu. Kisha nikakaa kwenye cherehani nikaipiga pindo pande zote, kama shuka ya mteja. Sanda haishonwi, hata mtoto wa madrasa anajua. Imamu akaniuliza taratibu, "Mzee Ilyasi, leo iko nini?" Nilitamani ardhi inimeze.

Baba yako

Dar es Salaam, 11 Februari

Shikamoo Baba,

Pole sana. Mwezi uliopita uliniuliza habari za mama, naye tulishamzika. Niliogopa kukwambia. Nenda hospitali, tafadhali usinibishie.

Binti yako Gaju

Nyakabanda, 20 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimekwenda. Wameniingiza kwenye mashine yenye kelele kama fundi bati, wakapiga picha ya ubongo. Dogiteri, binti wa rika lako, akanionyesha sehemu inayotunza kumbukumbu. Imesinyaa kidogo. Nikamuuliza kama nitafika mahali nisiwajue wanangu.

"Mzee, hatujui bado," akasema. Wengine hubaki hivi hivi miaka mingi, wengine huendelea mpaka wakapotea kabisa. Mwisho wa mwaka watapiga picha nyingine walinganishe.

Kazi ya sanda nimemwachia Shema, fundi mwenzangu. Nimechoka, Gaju. Nasubiri kuambiwa nitakuwa nani.

Baba yako

Dar es Salaam, 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Hali yako? Barua yako imeniliza. Likizo yangu ni moja tu kwa mwaka, na hapa kazini hawana huruma. Nimeona niitunze mpaka hiyo picha ya pili. Ikionyesha umezidiwa, nitakuja kukuuguza.

Binti yako Gaju

Nyakabanda, 15 Aprili

Marahaba Gaju,

Leo sijambo, kichwa kimetulia, ndiyo maana naandika upesi.

Hiyo likizo unamtunzia nani? Nikizidiwa, utakayemkuta hapa huenda asikujue. Huyo hata majirani watamuuguza. Mimi ndiye ninayetamani kukuona. Njoo sasa, nikiwa bado naweza kukugombeza kwa kuchelewa.

Baba yako, Ilyasi