Jogoo wa Wifi kutoka Diaca

Jumatatu, 4 Agosti
Maji, pumba, mayai. Kuku sitini na wawili. Mayai arobaini na tisa. Jiko la mkandarasi wa gesi kule Afungi litaanza kuchukua mayai yangu wiki ijayo. Miaka sita ya kukaanga mandazi kando ya njia, sasa basi. Banda nimelijenga mwenyewe, mume wangu hakupigilia hata msumari. Dawa ya kuwakinga kuku na kideri, ile ya matone machoni, haijafika tangu barabara ifungwe. Hilo linanitia hofu.

Jumanne, 5 Agosti
Wifi Salima kaja kutoka Diaca. Mwalimu wa biolojia. Kaniletea jogoo, kamba miguuni, zawadi. Kamshika mtetea wangu mguu: "Ona magamba! Wifi, wewe unafuga dinosauri." Ati ndege wote ni kizazi chao, na mamba yuko karibu na kuku kwa udugu kuliko na mjusi. Nikamwambia, "Basi kesho nikukaangie yai la mamba." Tukacheka.
Jogoo mgeni hufungwa kando kwanza. Najua. Lakini zawadi ya wifi, ifungwe peke yake kama mwizi, naye anatazama? Maneno yangefika Diaca kabla yake. Nimemtia bandani na wenzake.

Jumamosi, 9 Agosti
Wifi kesharudi kwake. Jogoo kainamisha kichwa. Kinyesi kijani.

Jumatano, 13 Agosti
Wamekufa kumi na saba. Shingo zimepinda, wanazunguka kama walevi. Jirani kachungulia: "Chinja upesi, dada, uza nyama!" Ndivyo kideri kinavyotembea nyumba hadi nyumba. Nimechimba shimo. Afungi nimewaambia. Watachukua kwingine. Nina hasira na wifi. Nina hasira zaidi na adabu yangu.

Ijumaa, 15 Agosti
Waliokufa sasa arobaini na wanane. Wifi kapiga simu, analia. Nikamuuliza wale dinosauri wakubwa walikufa na nini. Jiwe kutoka mbinguni, akasema. Waliopona ni wadogo, wenye mabawa. Nikakata simu. Jiwe langu mimi lilikuja limefungwa kamba miguuni.

Jumapili, 24 Agosti
Kabaki mmoja. Mtetea mdogo, mwekundu. Nimemshika mguu. Magamba makavu, kucha tatu mbele, moja nyuma. Mguu wa kale kweli.
Nimewasha moto wa mandazi. Yeye anaokota unga uliomwagika. Hajataga. Sijamdai.