Chujio Alilolifunga Mume Wangu

Shoga, tangu siku ile mume wangu alipotoka asubuhi akarudishwa amefunikwa shuka, sijagusa chujio la lile bwawa dogo la maji moto la nyumba yetu ya wageni.

Klorini natia. Natia, nanusa, najiambia maji ni safi. Lakini chujio alilifunga yeye kwa mkono wake. Nikilifungua nahisi namfukuza.

Leo mgeni mmoja, mama mpole, kaniita. Mgongo wa binti yake umejaa vipele. "Dada, haya maji mnayasafisha kweli?"

Nikasema ndiyo. Nimesema ndiyo, shoga! Huku namwona mtoto anavyojikuna!

Wifi yangu alikuwa mlangoni, kasikia. Mgeni alipoondoka hakuremba maneno: "Kaka yangu alikuwa akiliosha hilo chujio kila wiki. Wewe ndivyo unavyomlilia, kwa kuwatia watoto wa watu maradhi?"

Nimelifungua. Utelezi, nywele, harufu ya kuoza. Hamna chochote chake humo, shoga. Hamna.

Nimemfuata yule mama nikamwambia ukweli. Kambeba mtoto kampeleka zahanati.

Sasa bwawa ni tupu, nami nimo ndani nalisugua.