Kwa Mama, Aliyewapa Wazee Paka wa Kulea

Mwaka umekatika, Mama, tangu ututoke asubuhi ile ya Jumanne, na viatu vyako vya kazini bado viko pale ulipovivua. Dada mkubwa alitaka kuvigawa. Baba akamkata jicho, mjadala ukaishia hapo.

Ulikuwa daktari wa wanyama maisha yetu yote, na nyumba nzima ilinuka dawa ya viroboto. Ulikuja mezani na manyoya kwenye sweta, ukasimulia habari za jipu la mbwa fulani mpaka Baba akaweka kijiko chini. "Mke wangu, tafadhali." Uliomba radhi, kisha ukaanza habari za minyoo.

Habari uliyoipenda kuliko zote ilianza na yule mshonaji mstaafu aliyekuja kliniki kila Jumatatu na paka mzima wa afya. Ulimpima paka, ukamsifia, ukawaaga. Jumatatu iliyofuata, hao tena. Paka alipokufa kwa uzee, mshonaji hakuonekana tena, nawe hukutulia mpaka ulipokwenda kumtafuta. Ulimkuta chumbani, pazia limefungwa mchana kweupe, cherehani imefunikwa shuka. "Kumbe mgonjwa alikuwa yeye," ulituambia jioni ile, na chakula hukukigusa.

Hapo ndipo ulipoanza kusumbua watu. Nyuma ya kliniki kulikuwa na vizimba vya paka walioachwa, na mitaani kulikuwa na wazee waliobaki peke yao. Ukaona wakutanishwe. Mzee amlee paka nyumbani kwake, kliniki ibebe chakula na matibabu, na siku akichoka amrudishe bila kuulizwa kitu.

Mara ya kwanza uliharibu. Ulimpa mshonaji mtoto wa paka, kwa kuwa watoto wa paka wanapendeza. Haikupita wiki, akarudi mikono imekwaruzwa, nyuzi zake zote zimesokotana. "Daktari, umenipa mwenzangu au umeniletea adui?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo ukawa unatoa paka waliokomaa tu, waliomaliza utundu wao.

Aliyekupinga hasa alikuwa kaka yako mkubwa. Wanao tulimwita Mjomba Hapana, na ulikuwa unajua, ukijifanya husikii. Tangu mkewe afariki alikaa peke yake kwenye vyumba viwili, redio ikiongea kutwa nzima. Alikuwa anakonda, Mama, na wewe ulikuwa unaona. Tunajua mpango ule wote uliupanga ukimfikiria yeye. Kila alipokataa, ulirudi nyumbani ukaurekebisha.

"Nikilazwa hospitali, nani atamlisha?" Ukaweka mlezi wa pili, mtu wa karibu atakayemtembelea paka kila Jumamosi ili wazoeane.

"Na nikifa?" Mlezi wa pili atamchukua, maana hawatakuwa wageni tena.

Hapo ulipata kitu ambacho hata wewe hukukitegemea. Mshonaji alikwambia, "Siku hizi Ijumaa nafagia, maana kesho yake kuna mtu anakuja." Ulirudi nyumbani siku hiyo unaimba, na sote tunajua sauti yako ilivyokuwa. Tulivumilia.

Basi ukamwendea Mjomba kwa kujiamini. Mimi kitinda mimba wako nilikuwepo, nimebeba paka kwenye kikapu. Alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yeye akinifia, mdogo wangu?"

Ulikosa neno. Wewe, mwenye jibu la kila kitu.

"Nimeshazika mmoja," akasema taratibu. "Sitaki wa pili." Tukatoka na kikapu chetu. Njiani ulisema hilo huna dawa yake, ukafuta macho ukidhani sikuoni.

Halafu ukafa wewe. Mjomba akamzika mdogo wake, na sisi tukawa tunajiuliza kama atafika mwisho wa mwezi.

Watu walipotawanyika, Karani alijificha chini ya kitanda chako akakataa kula. Unamjua paka wako mzee, anayekaa mlangoni akikagua kila anayeingia kama karani wa serikali. Tulimbembeleza kwa zamu, hakutaka kutuona. Mjomba akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa sakafuni na magoti yake yale mabovu. Tulimsikia analia, na paka naye analia. Alipotoka, Karani alikuwa kifuani kwake.

"Shemeji, si ulisema hutaki?" Baba akamuuliza.

"Niliogopa kuzika tena," Mjomba akasema. "Nimemzika mdogo wangu, na bado nimeamka leo. Sasa paka huyu nimwogope nini?"

Tukupe habari, Mama. Mjomba amenenepa. Karani anamwamsha alfajiri kwa kumkanyaga usoni, naye anatulalamikia kwa furaha isiyofichika. Mlezi wa pili ni Baba. Kila Jumamosi anapiga pasi shati, anajipaka mafuta, anakwenda "kumwona paka", na kurudi kwake ni giza limeingia. Wakigombana juu ya soka tunajua wako salama. Tulikuwa tumemhofia Baba pia, ingawa hatukuwahi kumwambia.

Kliniki inaendelea na mpango wako, na vizimba vya nyuma vingi viko tupu. Kwa wazee wagumu anatumwa Mjomba. Mwezi uliopita nilimsindikiza, paka kikapuni, kwa mwalimu mstaafu mmoja, mjane, aliyetusemesha mlango ukiwa umefunguliwa kidogo tu, uso nusu. Tukamweleza yote. Akauliza, "Na akinifia je?"

Mimi nikamgeukia Mjomba, Mama. Lilikuwa swali lake mwenyewe la siku ile.

Mjomba akamjibu, "Utalia, dada. Na sisi tutakuja kukaa na wewe."

Mwalimu akaondoa mnyororo wa mlango. Kisha akafungua mlango, akasema tuingie, anatafuta kibakuli cha maziwa.

Unakumbukwa na mumeo, kaka yako, binti zako wawili na mwanao wa kiume, wakwe zako, wajukuu wanaotaka wote kuwa madaktari wa wanyama, wenzako wa kliniki, wazee wako na walezi wao wa pili, na mshonaji, aliyetuagiza tumwandike kama ndugu.

Maadamu tupo, Mama, hutasahaulika.