Pazia la Mnara

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kifua chako kimetulia. Mimi sijambo, ila magoti yamegoma. Ngazi za mnara ni mia moja na kumi na mbili, nami nimezipanda miaka thelathini na moja. Magoti yana haki yao.

Habari kubwa ni kwamba mnara wetu umestaafishwa. Siku hizi taa inajiwasha yenyewe kwenye nguzo ya chuma mwisho wa gati, haitaki mtu. Mkuu wa bandari akaniomba niandike historia ya mnara ibandikwe mlangoni, wageni wasome. Nilimwambia mimi ni mtu wa kufuta vioo, si wa kalamu. Akasema aliyebaki hai anayeujua ni mimi tu.

Basi nimeandika. Babu alibeba mawe ya msingi. Baba alipokea taa ikiwa ya mafuta, akawa mkali kwa vile vioo kuliko kwetu sisi. Unakumbuka alivyosema alama ya kidole kwenye kioo ni tusi kwa nahodha. Nilipofika mwaka wa moto, kalamu nayo ikagoma. Daftari la bandari linasema mtunza taa alisinzia na sigara mkononi. Baba akafukuzwa, akamalizia uzee wake akipakia magunia gatini, nami msaidizi wake nikapewa kazi yake. Wewe ulisimangwa ukweni, ukaandika kwamba hutamsamehe. Hata kumzika hukuja.

Dada, nimechoka kulibeba hili. Baba hakuwa na sigara siku ile. Unaijua sheria ya mnara: mchana pazia lifungwe, maana vile vioo vya taa vikipigwa na jua hukusanya miali yake na kuunguza. Asubuhi ile meli ilikuwa inakupeleka kwa mumeo. Nililifungua pazia nikuone mpaka mwisho, nikashuka nikilia, nikasahau kulifunga. Adhuhuri jua likawasha matambara yaliyokuwa kando ya mafuta.

Baba alipanda, akaona pazia limesukumwa pembeni. Hakuniuliza. Wakubwa walipokuja alisema sigara ilikuwa yake. Baadaye aliniambia mara moja tu kwamba yeye ameshazeeka, na kazi isitoke nyumbani. Nikanyamaza kwa woga, kisha kwa mazoea. Wanasema yaliyopita si ndwele. Mimi hii imeniuguza.

Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi ya mlangoni. Mkuu wa bandari alisoma, akasema wageni hawana muda, akayafupisha kuwa mistari minne. Moto, kwa maneno yake, ulitokea kwa bahati mbaya. Kwa hiyo ukweli umebaki kwenye barua hii, na kwako.

Kila meli ya barua ilipotia nanga, baba alitua gunia akaenda kuuliza kama umeandika. Alifanya hivyo mpaka wiki aliyokufa. Hasira zako nitumie mimi sasa, anwani unayo.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba